Sauti Inapoachana na Midomo: Kuhariri Video kwa Kompyuta ya Kawaida na Kutatua Hitilafu Zake

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti nilirekodi tamasha la kwaya katika uwanja wa kanisa huko Mvumi, kwa simu mbili zilizofungwa kwenye stendi na kinasa sauti kimoja kilichowekwa karibu na waimbaji. Tamasha lilichukua saa moja na dakika kumi. Niliporudi nyumbani Nkuhungu nilipanga picha na sauti kwenye programu, nikalinganisha mwanzo, nikaridhika, nikaendelea kukata na kuunganisha hadi usiku wa manane. Mwalimu wa kwaya alipokuja kutazama, wimbo wa kwanza ulimfurahisha sana, ulipofika wimbo wa mwisho alinyoosha kidole kwenye kioo, akaniambia, "Mwanangu, hebu mtazame huyu mama wa safu ya mbele. Amekwisha kufunga mdomo, sauti yake bado inaimba." Nikamjibu, "Nimeona, Mwalimu. Nipe siku mbili." Sauti ilikuwa imebaki nyuma ya picha kwa karibu sekunde mbili.

Siku hizo mbili nilizitumia kusogeza vipande kimoja baada ya kingine, nikiamini kwamba programu ndiyo mbovu, hata nikaifuta na kuisakinisha upya. Programu haikuwa na kosa. Hitilafu ilikuwa ndani ya faili za simu tangu zilipotoka Mvumi, na ningeiona kwa muda mfupi sana kama ningezikagua kabla ya kukata chochote. Tangu hapo nimesaidia vijana wengi hapa Dodoma wanaorekodi harusi, ibada na ngoma, na karibu kila mara tunapotafuta chanzo cha tatizo tunakikuta nyuma, kwenye faili zilizoingizwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza huko.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye Kdenlive, programu isiyolipiwa inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, kwa kuwa inavumilia kompyuta mpakato zenye uwezo mdogo ambazo wengi wetu tunazo. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, hasa wa kurekebisha rangi, lakini inadai kadi ya grafiki yenye nguvu na kumbukumbu ya RAM ya kutosha. Ukiilazimisha kwenye kompyuta yenye gigabaiti 4 utachoka bure. Kanuni ninazozieleza zinafaa kwa programu yoyote kati ya hizo. Jambo moja nalisema kwa uzito: programu ya kulipia iliyovunjwa ulinzi na kusambazwa kwa flashi haifai kuwekwa kwenye kompyuta ya kazi. Huja na virusi, hufungika bila onyo, na inapoharibika huna pa kupata marekebisho, ilhali programu halali za bure zipo na zinatosha.

Kabla ya kufungua programu

Nakili kadi yote ya kumbukumbu kwenye diski ya kompyuta, ndani ya folda moja yenye jina la kazi na tarehe, kisha unakili folda hiyo kwenye diski ya pili kabla ya kufikiria kuifuta kadi. Usihariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi au flashi, kwa sababu kasi yake ni ndogo na ikichomoka katikati ya kazi unaweza kupoteza vyote viwili, faili na mradi. Ndani ya folda hiyo weka vijifolda vya picha, sauti, michoro na mradi wenyewe.

Mpangilio huu una sababu ya msingi ambayo wanaoanza huwa hawaambiwi. Faili ya mradi haibebi video ndani yake. Inabeba maelezo tu: kipande fulani kiko mahali fulani kwenye diski, kikatwe hapa, kianzie pale. Ukihamisha video, ukibadilisha jina la folda, au ukinakili faili ya mradi peke yake kwenye flashi na kwenda kuifungua kwa rafiki yako kule Chang'ombe, programu itakuambia kwamba vipande havipo. Hali hiyo inaogofya, lakini hakuna kilichopotea. Rudisha faili mahali pake, au tumia dirisha la kutafuta vipande vilivyopotea ambalo programu hulifungua yenyewe, ielekeze kwenye folda mpya, nayo itaviunganisha upya. Kama folda nzima ilihama pamoja, kazi hiyo humalizika mara moja.

Kuhusu video unazoletewa na wateja, mwombe mtu akutumie kama hati, si kama video ya kawaida ya WhatsApp. Video inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa hadi picha ikapoteza undani, na hakuna programu itakayourudisha. Ikitumwa kama hati hubaki ilivyo, na WhatsApp hupokea hati yenye ukubwa wa hadi gigabaiti 2.

Mwendo wa fremu, na kwa nini sauti huachana na picha

Video ni mfuatano wa picha tuli, na kila picha huitwa fremu. Kamera ya kawaida hutoa fremu kwa mwendo thabiti, tuseme 25 kwa kila sekunde, tangu mwanzo hadi mwisho. Simu nyingi hazifanyi hivyo. Mwanga ukipungua, simu hupunguza idadi ya fremu ili kila moja ipate mwanga zaidi. Ikipata moto, hupunguza tena. Kwa hiyo faili inayosemekana kuwa ya fremu 30 inaweza kuwa na 30 mahali pamoja na 24 mahali pengine. Mwendo huu unaitwa badilifu. Simu yenyewe huicheza video hiyo vizuri, kwa sababu husoma saa iliyoandikwa kwenye kila fremu. Programu ya kuhariri hupenda fremu zilizopangwa kwa umbali sawa, na inapolazimika kukadiria, kosa dogo hujilimbikiza. Ili uone ukubwa wake, chukua faili yenye mwendo halisi wa fremu 29.97 inayohesabiwa kana kwamba ni 30 kamili: tofauti ni sehemu moja tu katika elfu, lakini baada ya saa moja imefikia sekunde 3.6. Ndiyo maana wimbo wa kwanza ulimridhisha Mwalimu na wa mwisho haukumridhisha.

Kwa hiyo, unapoona midomo na sauti haviendi pamoja, usiguse chochote kwanza. Tazama mwanzo wa video, kisha katikati, kisha mwisho, na ulinganishe. Ikiwa sauti imechelewa kwa kiasi kilekile mahali pote, kosa ni la kuipanga tu, na tiba yake ni kuisogeza mara moja. Ikiwa pengo linakua kadiri video inavyosonga, tatizo ni mwendo wa fremu au saa za vifaa viwili kutolingana, na kusogeza hakutakusaidia. Ikiwa sauti imekuwa nzito au nyembamba kuliko ilivyoimbwa, kagua masafa ya sampuli, yaani idadi ya vipimo vya sauti katika kila sekunde, kwa kuwa sauti iliyorekodiwa kwa hezi 44,100 ikisomwa kana kwamba ni ya hezi 48,000 hukimbia na kupanda. Weka kinasa sauti chako kwenye 48,000, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha video, nawe utakuwa umeepukana na jambo hilo.

Chombo cha kukagulia kinaitwa MediaInfo, nacho ni cha bure. Fungua faili ndani yake, utafute mstari unaoeleza hali ya mwendo wa fremu, na utaona kama ni thabiti au badilifu. Ikiwa ni badilifu, ibadilishe kwanza. Kdenlive ya siku hizi hutambua faili za namna hiyo na kujitolea kuzigeuza, na ushauri wangu ni kukubali. Ukitaka kuisimamia kazi mwenyewe, tumia HandBrake, programu ya bure ya kugeuza faili za video: kwenye sehemu ya video chagua mwendo thabiti, andika idadi ya fremu, weka kiwango cha ubora kwenye 18, ukikumbuka kwamba hapo namba ndogo ndiyo ubora mkubwa, kisha uiache ifanye kazi. Angalia kwa makini chaguo la mwendo, kwa sababu mipangilio mingi iliyoandaliwa tayari ndani ya HandBrake huacha mwendo badilifu, na mtu hujikuta amesubiri saa nzima akapata faili yenye ugonjwa uleule.

Je, uchague 25 au 30? Fuata faili zako nyingi zilivyo. Simu iliyorekodi kwa 30 ibaki 30, na mradi nao uwe wa 30, kwa sababu kuilazimisha iwe 25 kutaondoa fremu tano katika kila sekunde na mchezaji ngoma ataonekana anarukaruka. Unaporekodi wewe mwenyewe chini ya taa, hata hivyo, 25 ina faida kubwa kwetu. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde; 100 ikigawanywa kwa 25 ni 4 kamili, lakini kwa 30 haigawanyiki. Ile michirizi myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha za ukumbini inatokana na hapo. Ukilazimika kurekodi kwa 30, weka kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kila fremu hupokea mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 na michirizi itatulia. Kuiondoa baadaye wakati wa kuhariri ni kazi ngumu, na matokeo yake hayapendezi.

Kisha linganisha sauti na picha. Wengi hupiga kofi moja mbele ya kamera zote kabla ya kuanza, na ni desturi nzuri. Mimi nimejifunza kutumia ngoma. Kina mama wa Kigogo wanapopiga muheme, pigo la kwanza huchora mwiba mrefu kwenye mchoro wa sauti, na mwiba huohuo unaonekana kwenye sauti ya simu na kwenye sauti ya kinasa. Kuza taimulaini, yaani ule ukanda ambamo vipande hupangwa kwa mfuatano, hadi uone fremu moja moja. Utauona mkono ukishuka, ukigusa ngozi ya ngoma, na hapo ndipo mwiba uwekwe, si fremu moja mbele wala nyuma. Programu pia inaweza kulinganisha sauti mbili yenyewe, nami huitumia huduma hiyo, lakini siiamini mpaka nimehakikisha kwa mkono ule.

Hata faili zikiwa na mwendo thabiti, simu na kinasa sauti vina saa mbili tofauti, na kwa tamasha refu vitatofautiana kidogo. Usijaribu kuivuta sauti nzima kwa asilimia. Ikate kwenye ukimya baina ya wimbo na wimbo, kisha upange kila wimbo kwa pigo lake la kwanza. Kwa dakika tano au sita za wimbo mmoja, tofauti ya saa haionekani.

Picha inapokwamakwama

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba video inachezwa kwa kusuasua wakati wa kuhariri. Wengi hudhani wanahitaji kompyuta mpya. Mara nyingi hawaihitaji.

Faili za simu na kamera ndogo zimebanwa kwa kodeki, yaani njia za kubana na kufungua video, za H.264 au H.265, ambazo haziweki kila fremu kwa ukamilifu. Huweka fremu moja kamili, kisha kwa muda fulani huandika mabadiliko tu, halafu fremu nyingine kamili. Kompyuta inayotakiwa kuonyesha fremu ya katikati hulazimika kurudi kwenye ile kamili na kujenga upya zote zinazofuata, kama mtu aliyekuta shauri limefika katikati ambaye hawezi kuelewa mpaka asimuliwe lilivyoanza. Ongeza juu ya hilo ukubwa wa picha. Fremu ya 4K, yenye upana wa nukta 3,840 na urefu wa 2,160, ina nukta zaidi ya milioni 8, mara nne ya picha ya 1080p, yenye nukta 1,920 kwa 1,080.

Dawa yake ni nakala nyepesi, ambazo programu huziita proksi. Programu hutengeneza nakala ndogo ya kila kipande, wewe unahariri kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu hurudi yenyewe kwenye faili halisi. Nakala yenye nukta 960 kwa 540 ina sehemu moja tu ya kumi na sita ya mzigo wa 4K. Katika Kdenlive, fungua mipangilio ya mradi, washa proksi, na uiagize izitengeneze kwa kila video yenye upana unaozidi kiasi utakachoweka. Iachie kompyuta kazi hiyo usiku, ikiwa kwenye meza wazi na si juu ya godoro, na asubuhi utakuta vipande vinatii. Onyo moja: kwenye dirisha la kutoa video kuna chaguo la kutumia proksi badala ya faili halisi. Kama kazi yako ya mwisho imetoka na ukungu ingawa ulirekodi vizuri, angalia hapo kwanza.

Ikiwa faili za iPhone hazifunguki kabisa, au zinatoa sauti bila picha, huenda ni za H.265 na kompyuta yako haina kodeki hiyo. Zipitishe kwenye HandBrake ziwe H.264, ukizirekebishia mwendo wa fremu kwa safari ileile.

Kurenda kunapokatika

Umemaliza kuhariri, umeanza kurenda, yaani kuiagiza programu itoe video ya mwisho, na kazi inasimama njiani. Andika asilimia iliposimama, kisha urudie bila kubadilisha chochote. Jaribio hili moja linaeleza mengi. Ikisimama tena palepale, kuna kipande au efekti mbovu mahali hapo kwenye taimulaini. Ikisimama mahali tofauti kila mara, tatizo liko kwenye mashine: joto, RAM kujaa, au diski kukosa nafasi.

Kwa hali ya kwanza, toa nusu ya kwanza ya video peke yake, kisha nusu ya pili. Nusu iliyogoma igawe tena mara mbili, na uendelee hivyo. Ndani ya majaribio kumi hivi utakuwa umelifikia eneo la sekunde chache. Ondoa efekti zilizopo hapo, au badilisha kipande kwa kukipitisha HandBrake. Niliwahi kukuta harusi ya saa mbili imegomea kwenye picha moja tuli ya maharusi iliyopigwa kwa kamera kubwa, yenye nukta nyingi kupita kiasi; nikaipunguza hadi upana wa nukta 1,920, na kazi ikaisha.

Kwa hali ya pili, hapa kwetu nianze na vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma hubeba vumbi jekundu lililo laini kama unga, nalo huingia kwenye feni za kompyuta na kujibandika kwenye vipoozeo. Kompyuta ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na ikishindwa hujizima. Mpelekee fundi aifungue na kuipuliza angalau mara moja baada ya kiangazi, maana Oktoba na Novemba joto nalo huwa kali. Mimi hurenda usiku. Hakikisha pia diski ina nafasi mara kadhaa ya ukubwa wa video unayotarajia, na ufunge kivinjari cha intaneti, ambacho hula RAM kuliko watu wanavyodhani. Ikibaki kugoma, zima urendaji unaotegemea kadi ya grafiki, uiachie kichakata kikuu peke yake. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini draiva mbovu za grafiki, yaani programu ndogo zinazoiendesha kadi hiyo, ni chanzo cha kawaida cha kukatika huku.

Umeme ukikatika, mradi wako unaweza kuokolewa, kwa sababu Kdenlive huhifadhi nakala za akiba na utaulizwa kama unataka kuzirudisha utakapoifungua tena. Hata hivyo zoeza vidole vyako kubonyeza Ctrl na S kila baada ya mkato muhimu. Faili ya MP4 iliyokuwa inarendwa itakuwa haifunguki, kwa kuwa fahirisi yake huandikwa mwishoni. Ifute uanze upya. Kinachoumiza ni pale kamera yenyewe inapozimika katikati ya kurekodi, kwa sababu tukio halirudiwi. Katika hali hiyo usirekodi kitu kingine juu ya kadi ile. Programu ya bure iitwayo untrunc huweza kuijenga upya faili iliyokatika, mradi uipe faili nzima nyingine iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile.

Upepo kwenye sauti

Mngurumo wa upepo unakaa kwenye masafa ya chini, na kichujio kinachokata yaliyo chini ya hezi 80 huupunguza sana bila kuigusa sauti ya msemaji. Kwa kwaya usipande zaidi ya hapo, kwa sababu sauti ya besi inafika karibu na hezi 80 na utaikata pamoja na upepo. Sauti iliyopasuka kwa kurekodiwa juu mno haitengenezeki. Wakati wa kurekodi acha vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 6 chini ya sifuri kwenye kipimo cha kinasa, na ufunike maikrofoni kwa kifuniko cha manyoya. Sifongo peke yake haitoshi kwa upepo wetu.

Kumkabidhi mwenyewe

Kwa video ya 1080p yenye fremu 25 au 30, megabiti 8 kwa sekunde zinatosha, na ndicho kiasi ambacho YouTube inakipendekeza. Megabiti 8 ni megabaiti 1, kwa hiyo dakika moja ni megabaiti 60 na saa moja ni gigabaiti 3.6. Hesabu hii inaeleza kwa nini harusi ya saa mbili hukataa kuingia kwenye flashi ya gigabaiti 32 iliyo tupu: flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja inayofikia gigabaiti 4. Unaweza kuiumbiza upya kwa exFAT, lakini televisheni nyingi za zamani haziisomi. Kwa wateja wa vijijini mimi huigawa video katika sehemu mbili, nikikata mahali panapoeleweka, kama vile kati ya ibada na sherehe, na kutumia MP4 ya H.264 yenye sauti ya AAC, ambayo karibu kila televisheni inaicheza.

Kisha chomoa flashi, uichomeke kwenye televisheni isiyo ya kwako, na utazame. Usianzie mwanzo, maana hapo sauti na picha karibu kila mara huwa pamoja. Nenda kwenye wimbo wa mwisho, umtafute mwimbaji aliyesimama karibu na kamera, na umwangalie midomo mpaka atakapoifunga.